Silanga Iliyokanyagwa na Ng'ombe wa Wario

Vijana wawili wa mradi wa maji walipita kwangu hapa Wema kiangazi kilichopita. Walikuwa na viatu vizito na kile chombo cha miguu mitatu cha kupimia ardhi. Watoto wenye adabu. Walinishika mkono wote wawili, wakanywa chai yangu isiyo na sukari bila kukunja uso. Mmoja akaniuliza, "Babu, tumesikia wewe ulijenga silanga zamani, kabla ya tingatinga. Mlishindiliaje udongo?"

Nikamjibu, "Kwa ng'ombe."

Wakacheka, wakaandika kwenye daftari lao: ng'ombe. Hawakuuliza ng'ombe wa nani, na mimi sikusema. Walipokwenda zao nilijilaza nipumzike kama kawaida yangu ya mchana, usingizi ukakataa. Nikabaki macho wazi kama samaki aliyeanikwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule nilifika darasa la pili, la tatu niliona kwa dirisha tu, kwa hiyo mkikuta neno limelala upande, liinueni liende zake.

Nawaandikia nyinyi mnaojenga silanga siku hizi. Kwa asiyejua, silanga ni tuta la udongo linalozibwa mbele ya laga, kile kijito cha msimu, ili maji ya mvua yasikimbie yote kwenda baharini. Yangu ilikuwa huko tambarare, mwendo wa siku nzima na ng'ombe kutoka Minjila ukilipa jua mgongo asubuhi. Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Haikuwa ya serikali wala ya kijiji. Ilikuwa ya mtu mmoja, Haji Hersi, Msomali mwenye duka Garsen na biashara ya kununua ng'ombe na kuwapeleka Malindi kwa miguu. Ng'ombe wake walikuwa wakifika sokoni mbavu nje, basi akapata ruhusa ofisini achimbe maji yake mwenyewe njiani.

Fundi hakuwa mimi. Fundi alikuwa Mzee Katana, Mgiriama mfupi mwenye vidole kama tangawizi, aliyejifunza kazi ya matuta kwenye mashamba ya watu wakubwa. Mimi nilikuwa kibarua wa karai. Siku ya kwanza alinituma nichague udongo. Nikaenda nikachota ule mweusi wa mbuga, unaoganda mguuni kama mgeni asiyeaga, nikauleta kwa majivuno. Katana akaufinya, akaniangalia.

"Komora, wewe unajenga silanga au kifumbu cha kuchujia tui?"

Vibarua wakacheka mpaka wakaweka makarai chini. Udongo ule ukinywa maji unavimba, jua likiupiga unapasuka nyufa za kuingia mkono. Mimi sikumwamini. Nikajenga katuta kangu kadogo pembeni, kimo cha goti, nikakajaza maji. Baada ya wiki ya jua kalikuwa na nyufa kama kisigino cha mchunga mbuzi. Tangu hapo jina langu kazini likawa Kifumbu. Nililivaa mwaka mzima.

Basi chukueni hii kwa Katana, si kwangu. Udongo wa tuta, ulowanishe, uviringishe kama kidole, halafu ukunje uwe pete. Usipokatika ni mzuri. Tengeneza donge, litumbukize kwenye kikombe cha maji, nenda kanywe uji. Ukirudi ukikuta limeyeyuka kama sukari, huo uache ulipo. Maji ya kulowanishia, usimwage kama unaosha gari. Finya udongo mkononi: ukishika umbo na kiganja kikabaki kisafi, inatosha. Na kabla ya tuta, chimba mzizi wake, mfereji unaopita mchanga wote mpaka ufike chini kwenye ngozi ngumu ya ardhi, ndipo uanze kujaza. Katana alisema maji ni mwizi asiyegonga mlango, hupita chini ya ukuta. Sisi tulichimba mpaka mimi nikazama kifuani.

Halafu tabaka. Shibiri moja, usizidishe. Unamwaga, unalowanisha, unakanyagisha, unapiga kisigino. Kisigino kikiacha alama nyembamba kama ya ukucha, endelea. Kikiacha shimo, rudia. Pembeni weka njia ya mafuriko, pana, uitandikie mawe na nyasi. Na mti usiote juu ya tuta hata kama kivuli chake kinakupendeza, maana mzizi ukifa unaoza na kuacha bomba ndani. Nimeona tuta zima huko upande wa Tarasaa limekwenda kwa sababu ya mwarobaini mmoja ambao mwenyewe alipenda kunywea kahawa chini yake. Aliyeukata alikuwa mafuriko.

Lakini nazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nirudi.

Kukanyagisha tulitumia ng'ombe wa Haji. Unawazungusha juu ya tabaka lililolowa, huku na huku, na kwato zinafanya kazi ambayo watu ishirini hawawezi. Tuta lilipofika kama nusu, Katana alishikwa na homa iliyokataa kutoka. Ndugu zake wakaja kumchukua. Wakati wanampandisha kwenye machela akanishika mkono, akasema, "Komora, usiongeze tabaka juu kabla la chini halijakanyagwa. Hata wakikutisha na mvua."

Haji akaniuliza, "Unaweza kumaliza?"

"Naweza, Haji."

Tangu siku hiyo nikaanza kutembea mikono nyuma. Vibarua wakaacha kuniita Kifumbu, wakaniita fundi. Nyinyi hamjui utamu wa neno lile kwa mtu wa darasa la pili.

Kisha Haji akapeleka ng'ombe wake wote Malindi, soko limepanda. Nikabaki na vibarua kumi na wawili na magogo ya kupondea. Asubuhi mpaka jioni tulipiga kipande kama mkeka. Na huko kusini mawingu yameanza kukaa. Nilijaribu hata mbuzi wa jirani. Mbuzi wakakanyaga ngozi ya juu tu kama wanaogopa kuchafuka, wakapanda kwenye marundo ya udongo, mmoja akala kamba ya kupimia. Mvua ikikuta tuta nusu, laga ingelibeba lote, na jina langu la fundi lingeondoka nalo.

Ndipo akaja Mzee Wario.

Wario alikuwa Mworma, mtu mzima mrefu, ndevu zimeanza weupe, na ng'ombe wengi. Kundi lake lilikuwa likinywa kwenye vishimo vya mchanga tulivyochimba ndani ya laga kwa maji ya kazi, nasi hatukumzuia. Alisimama na fimbo yake mabegani, akatutazama tukiponda.

"Fundi," akasema, "wewe napiga udongo na mti kama mama natwanga mahindi. Hii chakula itaiva lini?"

"Ndiyo nakuomba, Mzee. Nipe ng'ombe wako wakanyage."

"Wakanyage. Halafu?"

"Halafu silanga itaisha."

"Halafu?"

"Itajaa maji."

"Maji ya nani?"

Kwa watu wa ng'ombe, nyinyi wa Wema na Minjila mnajua, kisima ni cha aliyekichimba pamoja na waliomsaidia kukichimba. Ukitia jasho lako ndani, una zamu yako ya kunywesha, na hakuna wa kukunyang'anya. Ndiyo sheria yao, hawahitaji karatasi. Wario akainama, akachukua udongo kidogo akausugua kwa vidole.

"Kwetu mtu natia mkono yake kwa kisima, nakuwa na zamu. Mimi natia mguu ya ng'ombe mia hapa. Zamu yangu iko?"

Jibu la haki lilikuwa, ngoja nimuulize Haji. Lakini Haji yuko Malindi, siku za kwenda na kurudi ni nyingi, na nilitazama kusini nikaona wingu.

"Iko," nikasema.

"Sema mbele ya watu."

Nikapanda juu ya tuta, nikapaza sauti vibarua wote wasikie: "Kiangazi kikija, Mzee Wario ana zamu yake hapa."

Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaleta kundi. Yeye na wanawe wawili, vijana waliokwisha kuwa wanaume, walitukanyagia tabaka baada ya tabaka, asubuhi baada ya asubuhi. Wario alikuwa akiimba, na ng'ombe wanazunguka kwa wimbo wake kama wamekunywa. Sijaona kazi nzuri kama ile. Nilipiga kisigino, kikaniuma. Tulimaliza, tukapanda nyasi, na siku chache baadaye mvua ikaanguka.

Haji aliporudi alipanda juu ya tuta, akatembea mwanzo mpaka mwisho akitafuna mswaki.

"Nani amekanyaga?"

"Watu wa ng'ombe, Haji. Niliwaomba."

"Kwa nini walikubali?"

"Bure tu. Wananiheshimu."

Akatema mate pembeni. "Heshima yako nzito, fundi. Imekanyaga tuta zima."

Nikacheka. Nilidhani ananisifu. Angalieni hapo: nilipewa nafasi ya kusema, nikacheka. Nilitaka aamini kwamba mimi ni mtu wa kuinua mkono tu ng'ombe wakaja.

Alinibakisha niwe mwangalizi. Nikajengewa kibanda, nikapewa ufunguo wa lango. Silanga ilizungushiwa ua wa miiba ya mgunga, maana hii miti yenu ya miiba, mathenge, haikuwapo. Kazi yangu ilikuwa kuziba mashimo ya panya, kukata vijiti vinavyoota, na kuangalia nani ananywesha. Vibarua wakarudi makwao, kila mtu na shamba lake. Miaka miwili mvua ilikuwa nzuri, kila kidimbwi kimejaa, na hakuna aliyehitaji silanga ya mtu. Wario akipita tunasalimiana kwa mbali. Nikaanza kuamini kwamba lile neno limekufa lenyewe.

Mwaka wa tatu mvua haikuja.

Vidimbwi vikakauka kimoja kimoja. Wachungaji waliobaki malishoni wakaanza kuteremka kwenye malka, zile njia zao za kufikia mto Tana. Silanga yetu ilikuwa na maji bado, yameteremka lakini yapo. Haji akaja mwenyewe na kundi alilonunua, wapumzike kabla ya Malindi. Langoni wakasimama watu wa makundi mengine matatu wakiomba, na Haji akawakatalia kwa upole, maana maji yale yakigawanywa kwa wote yangeisha kwa siku mbili.

Asubuhi moja, jua limepanda kidogo, nikaona vumbi upande wa magharibi. Wario. Alikuwa amekaa malishoni kuliko wote. Wenzake walipoteremka mtoni mapema yeye hakuteremka, aliacha ng'ombe wamalize nyasi ya mwisho. Alikuwa na sababu. Alikuwa na zamu njiani.

Ng'ombe wake walinusa maji. Wakaja mbio, wale waliokuwa na nguvu ya mbio, na hawakuja langoni. Walikwenda moja kwa moja upande wa tuta, mahali walipokuwa wakipandia siku zile za kazi. Wanawe wakakimbia kuwazuia kwenye miiba.

Wario akaja kwa Haji, wakasalimiana salamu ndefu, za watoto na za mvua. Kisha akasema, "Haji, nimekuja kwa zamu yangu. Siku moja tu, wanywe, walale, waende mto."

Haji akatazama yale makundi matatu. Wenyewe walikuwa wamesogea kusikiliza. Akanigeukia.

"Fundi. Mzee anasema ana zamu. Ulimwahidi?"

Wanangu, niliona vitu vingi kwa muda wa kumeza mate. Niliona kwamba nikisema ndiyo, basi ile "bure tu" yangu ilikuwa uongo. Niliona kibanda changu, ufunguo wangu. Niliona wale watu langoni wakinicheka, fundi gani anayegawa maji ya mwenyewe. Sikuwaona ng'ombe, na walikuwa mbele yangu.

Nikasema, "Haji, mimi sikumbuki. Pengine mzee alinielewa vibaya."

Wario hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi naelewa vibaya?"

Nikajifanya natazama lango. Wanawe hawakunitazama mimi. Walimtazama baba yao. Nilidhani ni hasira yao kwangu imewazuia kunitazama. Sikujua.

Akawaambia kwa Kiorma wageuze kundi. Ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji hageuki. Ilibidi wawapige. Wario aliyekuwa akiwaimbia alichukua fimbo akawapiga usoni ng'ombe wake mwenyewe, mmoja mmoja, kuwaondoa kwenye tuta walilolijenga. Kulikuwa na mmoja mweupe, pembe moja imeinama, aliyepigwa akapiga magoti asigeuke. Ilichukua muda mrefu. Haji aliingia kwenye kibanda changu. Mimi nilibaki nje kwa sababu nilikuwa na ufunguo.

Saba walianguka kabla ya mto. Najua kwa sababu baadaye nilipita njia ile kwenda nyumbani, nikawakuta. Yule mweupe alikuwa wa tatu.

Siku mbili baada ya hapo Haji alikuwa akikusanya kundi lake kwa safari. Akaniita kando, akasema bila ukali:

"Nilijua ulimwahidi. Nani anakanyaga udongo wa mtu siku zote zile kwa heshima yako wewe?"

Akawatazama ng'ombe wake wakikusanywa, akaendelea:

"Kulikuwa na makundi matatu pale. Ningemfungulia bila sababu, ningewafungulia wote. Ungesema ndiyo, ningewaambia wote: neno la fundi wangu ni neno langu, huyu aingie. Hakuna ambaye angebisha, hiyo ndiyo sheria yao wenyewe. Nilikuuliza mbele yao ili useme ndiyo, Komora."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Nilikaa na ule ufunguo mpaka mvua iliyofuata, nikaurudisha mwenyewe, nikaja Wema nikalima mpunga. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi nzuri, nilisema mgongo. Mgongo wangu ni mzima mpaka leo, nauhurumia kwa mambo niliyousingizia.

Sasa hapa ndipo pabaya zaidi, na ningeweza kupaacha, hakuna ambaye angejua.

Uhuru ulipokwisha kuja nilisikia Wario yuko boma lake karibu na Minjila, macho yamekuwa hafifu. Nikasema, nitakwenda. Nikavuka mto, nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akanitambua kwa sauti kabla sijajitaja.

"Fundi. Kaa. Leteni maziwa."

Nikanywa maziwa yake. Kisha nikamwambia. Nilisema yote: kwamba niliahidi, kwamba nilikumbuka kila neno, kwamba nilimkana kwa sababu ya kibanda na jina.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi najua. Wewe najua. Haji, Mungu amrehemu, alijua. Hii mambo unaleta kwangu ni ya nini?"

"Unisamehe, Mzee."

"Mimi nasamehe zamani. Ng'ombe inazaa tena." Akapapasa fimbo yake. "Watoto yangu ndiyo hapana. Siku ile wanakuwa kwa malisho mbali wakati mimi naongea na wewe kwanza. Hawakusikia, na mimi nawaambia tu, kanyageni. Wanasema baba alikuwa na tamaa ya nyasi, akachelewa, akaua ng'ombe, halafu akatunga maneno ya zamu. Hawasemi kwa mdomo. Lakini tangu siku ile, kundi likihama, hawaniulizi mimi tunahama lini. Wanaulizana wao kwa wao."

Nikakumbuka walivyomtazama pale langoni.

"Sasa wanarudi na ng'ombe jioni," akasema. "Wewe kaa. Kula. Wakija, sema haya mbele yao. Mimi sitaki kitu ingine."

Nikasema, "Nitakaa, Mzee."

Na nilikaa. Nilikaa mpaka jua likainama, nikasikia kengele za ng'ombe kwa mbali, nikaona vumbi, na ndani ya vumbi watu wawili warefu. Nikasimama. Nikasema mtumbwi wa mwisho wa kuvuka utaniacha. Wario hakunibembeleza. Alisema, "Kimbia, fundi, usiachwe," na akageuza uso wake kule sauti za kengele zilikokuwa. Nikaondoka kwa njia ya nyuma ya boma. Sikurudi tena, na yeye akafa kabla ya masika.

Kwa hiyo, vijana wa maji, andikeni vizuri kwenye daftari lenu. Ng'ombe waliolishindilia tuta lile, ambalo mpaka leo halijavuja, walikuwa wa Wario. Nami nilisimama juu yake mchana kweupe nikatangaza kwamba ana zamu, na watu kumi na wawili walisikia. Hakutunga. Hakuelewa vibaya. Alichelewa malishoni kwa sababu aliniamini.

Mnazunguka huko na mashine zenu, Minjila, Tarasaa, mpaka ndani ya tambarare. Waulizeni wanawe Wario walipo. Ni wazee sasa, huenda macho yao nayo yamekwisha. Wasomeeni.